Nani Amepiga Hodi? Historia ya Kuhesabu Wageni wa Tovuti

Huenda ukakumbuka kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 kurasa nyingi za intaneti zilikuwa na kisanduku kidogo chini kabisa, chenye tarakimu nyeupe juu ya weusi, mithili ya mita ya gari inayohesabu kilomita. Kando yake kuliandikwa: "Wewe ni mgeni wa 004571", au maneno ya namna hiyo. Mwenye tovuti alijivunia tarakimu zile kama mwenye duka anavyojivunia foleni ya wateja mlangoni pake. Mgeni naye alitazama, akajiona amehesabiwa, akaenda zake.

Lakini kisanduku kile kilikuwa kikihesabu nini hasa? Jibu fupi ni kwamba hakikuhesabu watu. Jibu refu ndilo makala yetu ya leo.

Katika nyumba zetu mgeni hupiga hodi. Akikaribishwa huketi barazani, huulizwa atokako na habari za huko, na kabla kikombe cha kahawa hakijaisha mwenyeji ameshajua huyu ni nani, amekuja kwa lipi, na kama anatazamiwa kurudi. Tovuti haikujengwa hivyo. Mgeni wake huingia bila hodi, hutazama anachokitaka, na huondoka bila kuaga, na pengine yuko umbali wa kilomita elfu kumi. Tangu siku za mwanzo wenye tovuti walitamani kumjua mgeni huyo, na kila chombo walichokiunda ili wamjue kiliwaletea nusu ya jibu tu.

Tovuti ya kwanza duniani iliwekwa na Mwingereza Tim Berners-Lee katika kompyuta yake huko CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia kilicho karibu na mji wa Geneva, mwishoni mwa mwaka 1990. Mwezi Agosti 1991 alitangaza habari zake kwa watu wa nje ya kituo hicho. Kompyuta ile ilibandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu yaliyoonya kwamba isizimwe, kwani wakati huo kuizima kulikuwa karibu sawa na kuuzima mtandao wote wa kurasa. Ndani yake mlikuwa na daftari ambalo halikuandikwa na mkono wa mtu: kila mara kompyuta nyingine ilipoomba ukurasa, ombi hilo liliingizwa kama mstari mmoja. Berners-Lee aliifuatilia hesabu hiyo, na akaona kwamba kati ya mwaka 1991 na 1994 maombi yaliongezeka takriban mara kumi kila mwaka. Basi alijua kwamba kitu alichokibuni kinaenea. Ni nani waliokuwa wakikitumia, na kwa ajili gani, daftari halikumwambia.

Inafaa tuutazame mstari mmoja wa daftari la namna hiyo, kwa sababu karibu yote yaliyofuata yametokana na upungufu wake. Katika mpangilio ulioenezwa na programu ya seva ya NCSA, kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mstari una anwani ya kompyuta iliyoomba, tarehe na saa, jina la faili lililoombwa, namba inayoonyesha matokeo ya ombi, yaani 200 likifanikiwa na 404 faili lisipoonekana, kisha ukubwa wa faili lenyewe. Basi. Hakuna jina la mtu, hakuna umri, hakuna sababu ya kuja. Hakuna hata hakika kwamba aliyeomba ni binadamu. Mnamo mwaka 1993, Matthew Gray, mwanafunzi wa chuo cha MIT, alikwisha kutuma programu iliyozunguka yenyewe kutoka tovuti hadi tovuti ili kupima ukubwa wa mtandao, na programu hiyo nayo iliacha nyayo katika madaftari kama mgeni mwingine yeyote.

Tatizo la pili lilikuwa la hesabu yenyewe. Ukurasa wenye maandishi na picha 9 ni mafaili 10, hivyo mtu mmoja akiufungua mara moja tu, daftari linaandika mistari 10. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni nyingi zilitangaza kwa majivuno idadi ya maombi zilizopokea, na wasikilizaji wao wakadhani kwamba hiyo ndiyo idadi ya watu. Aliyetaka idadi ipande upesi hakuhitaji kutafuta wasomaji wapya. Alihitaji kuongeza picha.

Upande mwingine, hesabu iliweza kupungua kuliko ukweli. Kampuni kubwa za huduma ya intaneti, kama vile America Online, zilihifadhi nakala za kurasa zilizopendwa katika kompyuta zao ili wateja wasisubiri. Mteja wa kwanza aliandikwa katika daftari la mwenye tovuti, lakini waliomfuata walipewa nakala, na mwenye tovuti asijue kamwe kwamba walikuja. Mwaka 1995 mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Stephen Turner, alitoa bure programu ya kuchambua madaftari hayo, iitwayo Analog. Jambo la kuvutia ni kwamba katika maelezo ya programu yake mwenyewe aliwaonya watumiaji kwa maneno ya wazi kuwa daftari haliwezi kueleza wamekuja wageni wangapi, wala ni nani, wala wamekaa kwa muda gani. Si kawaida fundi wa mizani kumwambia mnunuzi mambo ambayo mizani yake haiwezi kuyapima.

Wenye tovuti walitaka namba, hata hivyo, na waliitaka kwa sababu ya fedha.

Mwanzoni mgeni aliletwa kwa njia za kindugu. NCSA, walewale waliotoa programu ya kuvinjari ya Mosaic mwaka 1993, walikuwa na ukurasa uliotangaza tovuti mpya, na ilitosha kuwaandikia barua-pepe ili jina lako liwekwe. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kupanga orodha ya tovuti kwa mada, na orodha hiyo ikawa Yahoo. Tovuti iliingizwa humo baada ya mtu kuitazama na kuamua mahali pake.

Kisha, tarehe 27 Oktoba 1994, jarida la HotWired la San Francisco lilifungua tovuti yake ikiwa na mabango ya matangazo ya biashara juu ya kurasa. Bango linalokumbukwa zaidi lilikuwa la kampuni ya simu ya AT&T, na lilimwalika msomaji alibofye. Waliohusika nalo walisimulia baadaye kwamba katika kila watu 100 waliolitazama, 44 walilibofya. Leo hakuna mfanyabiashara anayeota kupata sehemu kama hiyo. Siku ile msomaji wa tovuti alianza kuwa na bei, na kitu chenye bei lazima kihesabiwe.

Kuhusu kuwavuta wageni kupitia injini za kutafuta, nitapita haraka, kwani habari hiyo ni ndefu na sehemu yake kubwa ni ya udanganyifu. WebCrawler ilianza mwaka 1994 na AltaVista mwezi Desemba 1995. Injini hizo zilisoma maneno yaliyomo katika kurasa, nao wenye tovuti wakagundua mara moja kwamba neno likirudiwa mara mia mbili kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, injini inaliona na mtu halioni. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni ya Google mwaka 1998, walitumia kipimo kingine: ukurasa unaostahili kutangulia ni ule unaoelekezwa na viungo vingi kutoka kurasa ambazo nazo zinaelekezwa na nyingi. Ilikuwa fikra nzuri. Haikuchukua muda viungo vikaanza kuuzwa.

Tunarudi kwenye kumjua mgeni, na hapa tunafika kwenye kitu kidogo kilichobadilisha kila kitu.

Mwaka 1994 kampuni ya Netscape ilikuwa ikitengeneza programu yake ya kuvinjari, na mteja wake mmoja, kampuni ya simu ya MCI, alitaka kujenga duka la mtandaoni. Taabu ilikuwa kwamba seva haina kumbukumbu. Kila ombi ni jipya kwake, hivyo mnunuzi aliyechagua shati kisha akafungua ukurasa wa viatu alikuwa tayari amesahauliwa. Mhandisi wa Netscape, Lou Montulli, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na ushei, alibuni dawa yake: seva impe mgeni kipande kifupi cha maandishi, kikae katika kompyuta ya mgeni mwenyewe, na kila arudipo akionyeshe. Ni kama kile kibati chenye namba unachopewa unapoacha mzigo wako mahali ili uutambulishe utakaporudi. Kwa Kiswahili kipande hicho huitwa kidakuzi. Kilianza kutumika nje ya maabara katika tovuti ya Netscape yenyewe, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujua kama mgeni alikwisha kufika hapo kabla.

Kwa hiyo swali la kwanza lililoulizwa kwa kidakuzi lilikuwa swali la mwenyeji mwema: umewahi kuja kwetu?

Montulli alikusudia kwamba kidakuzi kionwe na tovuti iliyokitoa, na nyingine isikione. Alihofia, kama alivyoeleza baadaye, kumpa kila mtu namba moja ya kudumu ambayo tovuti zote zingeisoma. Lakini ukurasa mmoja unaweza kujengwa kwa mafaili yatokayo seva mbalimbali. Gazeti likiweka bango la kampuni ya matangazo, bango lile linatoka katika seva ya kampuni hiyo, na seva hiyo nayo inayo haki ya kutoa kidakuzi chake. Kampuni hiyohiyo ikiwa na mabango katika magazeti elfu moja, inamtambua mgeni yuleyule kila aendako, ingawa hakuwahi kuitembelea wala hajui jina lake. DoubleClick ya New York ilikua kuwa kampuni kubwa kwa njia hiyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1990.

Umma ulipata habari mapema mwaka 1996, gazeti la Financial Times la London lilipoandika juu ya vidakuzi. Kabla ya hapo vilikuwa vikiwekwa katika kompyuta za watu bila wao kuambiwa. Mwezi Februari 1997 chombo kinachoandaa kanuni za kiufundi za intaneti, IETF, kilitoa waraka ulioandikwa na Montulli pamoja na David Kristol, uliotaka vidakuzi vya seva za watu wa tatu vizuiwe isipokuwa mtumiaji mwenyewe akivitaka. Watengenezaji wakubwa wa programu za kuvinjari hawakuufuata. Biashara ilikuwa imekwisha kusimama juu ya kitu kile, na kwa maoni yangu hapo ndipo njia zilipoachana: swali la "umewahi kuja kwetu?" likageuka kuwa "ulikuwa wapi kabla ya kuja hapa, na unakwenda wapi ukitoka?"

Jaribio la kuunganisha nyayo hizo na majina lilifuata. Mwaka 1999 DoubleClick ilinunua Abacus Direct, kampuni iliyokuwa na kumbukumbu za manunuzi ya Wamarekani wengi kwa njia ya posta, pamoja na majina na anwani zao. Ilipofahamika kwamba kampuni ilikuwa na mpango wa kuunganisha hazina hizo mbili, malalamiko yalizuka, tume ya serikali ya biashara ya Marekani ikaanza uchunguzi, na mwezi Machi 2000 mkuu wa kampuni, Kevin O'Connor, alikiri kwamba lilikuwa kosa na kuusimamisha mpango. Google ilikuja kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1. Makubaliano yalifikiwa mwaka 2007 na kukamilika mwaka uliofuata.

Sasa, msikilizaji, unaweza kuuliza: katika hesabu zote hizo, sisi tulikuwa wapi?

Sisi wa redio tulikuwa na desturi zetu za kuhesabu. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957 na Deutsche Welle mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa msikilizaji alijulikana kwa barua yake. Katika vituo vya nyumbani kulikuwa na kadi za salamu, ambazo mtu alimsalimu kwazo shemeji yake, mwalimu wake na wapenzi wote wa kikundi chake, naye mtangazaji aliyajua majina ya wapelekaji salamu mashuhuri kama ayajuavyo ya majirani. Barua zilikuwa hesabu mbovu, bila shaka, kwani kwa kila mmoja aliyeandika walikuwapo wengi wasioandika. Lakini watafiti wa redio walitambua jambo moja ambalo kompyuta haikulijua, kwamba redio moja chini ya mwembe ina wasikilizaji kumi. Walipokwenda kuuliza nyumba kwa nyumba waliwahesabu wote, mwenye redio na asiye nayo.

Mikahawa ya intaneti iliyoenea Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Kampala na Bujumbura kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na 2000 ilikuwa na hali ileile ya chini ya mwembe. Kompyuta moja ilikaliwa na wateja kumi na watano kwa siku, kila mmoja akilipia dakika zake, na mara nyingi nyuma ya kiti chake wamesimama wenzake wawili wakisoma pamoja naye. Kidakuzi, ambacho ni cha mashine wala si cha mtu, kiliwaona wote hao kuwa mgeni mmoja, tena mgeni wa ajabu, aliyesoma habari za mpira asubuhi, nafasi za masomo mchana na matokeo ya mitihani jioni. Mtu yuleyule akihamia mkahawa wa pili kwa kuwa wa kwanza umekatikiwa umeme, alihesabiwa kuwa wawili.

Na wako ambao hawakuhesabiwa kabisa. Hadi katikati ya mwaka 2009 pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na mkongo wa kimataifa wa intaneti uliopita chini ya bahari. SEACOM ulizinduliwa mwezi Julai mwaka huo, TEAMS ukafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano na ulimwengu wa nje yalitegemea zaidi setilaiti, ishara ikipanda kiasi cha kilomita 36,000 na kushuka tena, kwa gharama kubwa na kwa polepole. Mteja aliyehesabiwa dakika alijifunza kuizima sehemu ya picha katika programu ya kuvinjari ili maandishi yaje upesi. Sasa kumbuka kile kisanduku tulichoanza nacho. Tarakimu zake zilikuwa picha, na kwa kawaida hesabu iliongezeka pale picha hiyo ilipoombwa. Aliyezima picha alisoma ukurasa wote, akaunakili kwa mkono au akauchapisha na kuwapelekea wenzake, na kisanduku hakikusogea hata tarakimu moja.

Kulikuwa pia na suala la mahali. Madaftari yanakisia nchi ya mgeni kwa anwani ya mtandao wake. Pale ambapo anwani ilikuwa mali ya kampuni ya setilaiti yenye kituo chake Ulaya, msomaji wa Mwanza au Goma aliandikwa kuwa Mzungu wa Ulaya. Na wewe uliyeko Muscat, Dubai, London au Minneapolis, unayefungua kurasa za Kiswahili wakati wa mapumziko kazini ili ujue mvua zimenyesha wapi nyumbani na nani amefariki, uliandikwa kuwa Oman, au Imarati, au Uingereza, au Marekani, bila alama yoyote ya lugha uliyoifuata. Jedwali la mwisho wa mwezi liliweza kumwonyesha mhariri kwamba ukurasa wake wa Kiswahili unasomwa London zaidi kuliko Dodoma. Pengine ilikuwa kweli. Pengine haikuwa. Jedwali halikuwa na njia ya kutofautisha.

Hili halikuwa suala la heshima tu. Mwenye biashara anayelipia matangazo hulipa kwa idadi, na anayegawa bajeti ya idara za lugha huiomba idadi kwanza. Tovuti iliyosomwa na watu sitini kwa kompyuta nne ilionekana kuwa na wageni wanne. Sijui namna nzuri ya kulieleza hilo zaidi ya kusema kwamba umaskini wa vifaa ulihesabiwa kuwa uchache wa watu.

Upo mfano mmoja wa kinyume chake, nao ni wetu. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Martin Benjamin alianzisha kamusi ya Kiswahili na Kiingereza katika intaneti, na kuwaomba wageni wasaidie kuijenga kwa kuleta maneno na marekebisho. Mgeni aliyeleta neno la kwao, akaeleza linavyotumika, alikuwa amejitambulisha zaidi kuliko daftari lolote lingeweza kumtambulisha. Alikuwa amepiga hodi mwenyewe.

Mnamo mwaka 2005 Google ilinunua kampuni ndogo ya San Diego iitwayo Urchin, iliyouza programu ya kuchambua wageni wa tovuti, na tarehe 14 Novemba mwaka huo ikaitoa huduma hiyo bure kwa jina la Google Analytics. Watu walimiminika kiasi kwamba baada ya siku chache uandikishaji wa wapya ulisimamishwa, ukaendelea kwa mialiko, na haukufunguliwa kwa wote hadi mwezi Agosti 2006. Hata leo, ukiona anwani ndefu ya ukurasa yenye herufi "utm" katikati yake, unaona jina la Urchin lililofichika humo, kwani U ni ya kampuni hiyo.

Tofauti yake na madaftari ya zamani ni hii. Daftari lilikuwa katika seva ya mwenye tovuti, na hakuna mwingine aliyelisoma. Huduma mpya ilitumia kipande cha programu kilichobandikwa katika kila ukurasa, kikafanya kazi ndani ya kompyuta ya mgeni na kupeleka habari zake kwa Google, nayo Google ikamrudishia mwenye tovuti majedwali mazuri yenye rangi. Mwenye gazeti dogo la mkoani, asiye na fedha za kumwajiri mtaalamu, aliweza kuona habari ipi imesomwa, watu wametoka injini gani na kwa kutafuta neno lipi. Sitaibeza faida hiyo, kwani nimewaona wahariri wakibadilika kwa sababu yake, na si wote waliobadilika kwa ubaya. Wapo waliogundua kwamba habari za bei ya mazao zina wasomaji kuliko hotuba za viongozi. Ila bei ya huduma ile ya bure ililipwa na mgeni, ambaye hakuwapo wakati wa mapatano.

Nyayo zisizo na jina zinaweza kusema mengi, na ulimwengu ulilishuhudia hilo mwezi Agosti 2006. Kampuni ya AOL, ikitaka kuwasaidia watafiti, ilitoa hadharani orodha ya maneno yaliyotafutwa na wateja wake wapatao 650,000 katika muda wa miezi mitatu. Majina yalikuwa yameondolewa na kila mtu amepewa namba. Ilichukua siku chache tu kwa waandishi wa gazeti la New York Times kufuata namba moja, kutoka jina la ukoo hadi mji hadi maradhi ya mbwa, na kumfikia nyumbani mwenye namba hiyo, mwanamke mmoja wa jimbo la Georgia. AOL iliomba radhi na mkuu wake wa teknolojia akajiuzulu, lakini orodha ilikuwa imekwisha kunakiliwa duniani kote.

Sheria zilikuja polepole. Umoja wa Ulaya ulirekebisha mwongozo wake mwaka 2009 ili kidakuzi kisichokuwa cha lazima kiwekwe kwa ridhaa ya mgeni, na kanuni yake kubwa ya kulinda taarifa binafsi ikaanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Ndiyo asili ya vile visanduku vinavyokurukia machoni unapofungua ukurasa, vikikuomba ukubali au ukatae. Wengi hubofya "kubali" ili viondoke. Nami nakiri kwamba hufanya hivyo mara nyingi, ingawa nimeandika makala hii. Desturi imepinduka kwa namna ya kuchekesha: mgeni ameshaingia ndani, na sasa ni mwenyeji anayempigia hodi mgeni, akimwomba ruhusa ya kumfuata hadi kwake.

Toleo la Google Analytics lililotumiwa na tovuti nyingi kwa takriban miaka kumi lilisimamishwa tarehe 1 Julai 2023 na kubadilishwa na jipya, na mwezi Julai 2024 kumbukumbu zake za zamani zikafungwa. Wenye tovuti ambao hawakuzipakua mapema walipoteza hesabu yote ya wageni wao wa miaka ile, kwani haikuwa katika nyumba zao.

Kurasa zenyewe zimesalia kwa kiasi fulani. Taasisi ya Internet Archive ya San Francisco imekuwa ikikusanya nakala za tovuti tangu mwaka 1996, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuzifungua. Ukichungulia humo utakuta kurasa nyingi za miaka ile, na maandishi yake yanasomeka vizuri. Lakini shuka hadi chini, mahali palipokuwa na kisanduku cha kuhesabu. Mara nyingi utakuta mraba mtupu wenye alama ya picha iliyokatika, kwa sababu tarakimu zile zilikuwa zikiletwa na kompyuta ya kampuni nyingine, na kompyuta hiyo ilizimwa zamani.